Tenga la Bibi Somoe

Ipo siku ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Ni siku niliyopita barabara kuu ya Newala nikiwa nimepanda nyuma kwenye gari la matangazo, upepo wa uwandani, kule juu kwenye mwinuko, ukinipiga usoni, spika mbili juu yangu zikiliita jina langu, na watoto wakikimbilia vumbi letu kama kumbikumbi wanavyokimbilia taa. Nilijua nimefika. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na kwa umri huo mtu akifika hata mlangoni hudhani yuko chumbani.

Lakini ngoja nianze pale tulipoachana. Jumamosi iliyopita, baada ya ile sinema ya maisha yangu pale ukumbini Masasi, ulikuja ukaniamkia, ukanishika mkono kwa mikono yako miwili. Watu walikuwa wengi, kila mmoja na simu yake, kila mmoja akitaka kupiga picha na bibi aliyewahi kuwa nyota. Uliniambia kwa sauti ya chini kwamba umepigiwa simu na watu wa muziki kutoka Dar es Salaam. Wameona video yako, wanataka kukutengeneza. Ndilo neno ulilotumia, kukutengeneza. Ukauliza, "Bibi, niende?" Nami nikacheka tu kama mwehu, maana sinema ilikuwa bado inanidunda kifuani. Sasa nimetulia. Si sana, lakini naweza kushika kalamu.

Mimi pia nilitengenezwa. Nakueleza ilivyokuwa.

Wakati huo niliishi Lisekese kwa mjomba wangu. Kila nikitumwa sokoni Masasi mjini nilichelewa kurudi, na sababu ilikuwa duka la Bwana Deo, karibu na stendi. Aliuza redio na kaseti. Alitoka mikoa ya mbali, huko kwenye baridi, lakini alikuwa ameishi kwetu miaka ya kutosha kujifunza maneno yetu. Muziki, alikuwa akisema, haungojewi uote wenyewe kama uyoga. Hupandwa kama mkorosho, hupaliliwa, hupuliziwa dawa, ndipo uvune. Mimi na wenzangu tulicheza mbele ya duka lake bila kulipwa hata soda, kwa sababu spika zilikuwa kubwa na miguu ilikuwa yetu. Siku moja akatuita ndani watatu, akatuambia kuanzia leo sisi ni Vipepeo.

Hapo ndipo kazi ya kutengenezwa ilipoanza. Bwana Deo alikuwa amesoma mahali, au ameota, kwamba kundi la vijana lazima liwe na kila aina ya mtoto, ili kila msichana na kila mvulana anayesikiliza apate wake wa kumpenda. Kwa hiyo akatugawia tabia kama anayegawa sare za shule. Fidea, binti wa katekista wa Lupaso, ambaye ukimkanyaga kwenye foleni ya maji anakugeuzia kofi kwanza halafu anakuuliza jina lako, akapewa upole. Aliambiwa ainamishe macho na asiongee na watu. Hamisi, mtoto wa mwalimu wa madrasa, kijana aliyetokwa na jasho akisalimiwa na msichana, akapewa utundu. Alivalishwa kofia iliyogeuzwa nyuma akafundishwa kukonyeza. Alifanya mazoezi nyumbani kwa bidii kiasi kwamba mama yake alitaka kumpeleka hospitali ya macho.

Mimi nikapewa utoto. Ndiyo, mwanangu. Nilikuwa nimekwisha kutoka unyagoni, nalima shamba langu mwenyewe, lakini nilikuwa mfupi na mashavu yangu yalikuwa ya mviringo. Nikashonewa gauni jeupe la marinda, soksi ndefu, na utepe mwekundu wa kichwani. Kilichokosekana kilikuwa jina. Mwajuma, alisema Bwana Deo, ni jina la mama wa watoto sita anayeuza mbaazi.

Jina likaja lenyewe, na lilikuja na balaa. Tulikuwa kibarazani pa duka tunafanya mazoezi, akapita mama mmoja wa Chiungutwa na ungo wa ming'oko, vile viazi pori vyetu, kichwani. Alikuwa jirani yetu zamani, hajaniona tangu nikiwa mdogo. Aliponitambua furaha ikamtangulia, akaita, "Kadogo!" Palepale akaziba mdomo kwa kiganja. Akatua ungo wake chini, akaja kuniomba radhi mbele ya watu. Na kesho yake, kabla jua halijapanda, mtoto wake alifika Lisekese kwa mjomba akiwa ameshika kuku.

Wewe ni wa huku, unajua kwa nini. Lakini vijana wa siku hizi mnajua nusunusu, acha niseme lote. Kwetu mtu akitoka unyagoni au jandoni, jina la utoto hubaki kule kule porini pamoja na nguo alizoingia nazo. Hutoka na jina jipya, na hilo ndilo yeye. Kumwita kwa lile la zamani ni kumrudisha nyuma mbele ya watu, na anayekosea hulipa kuku. Hata mtani, mwenye ruhusa ya kukucheka msibani, hapo hukanyaga taratibu. Kadogo lilikuwa jina langu la utoto. Mwajuma nilipewa na bibi yangu mzaa mama, Bibi Somoe wa Newala, siku niliyotoka ndani, kichwa kimenyolewa na khanga mpya begani. Lilikuwa jina la dada yake, aliyefariki akiwa bado binti.

Bwana Deo hakuona kuku. Alichosikia ni jina tu, na macho yakamng'aa kama mtu aliyeokota saa. "Kadogo," akasema polepole, akilionja. "Hilo ndilo."

Fidea, kwa hasira yake yote aliyokatazwa kuwa nayo, alimweleza kwamba jina hilo haliitwi. Bwana Deo akacheka kwa upole. Akasema kwenye muziki hakuna unyago, na kwamba kama mwenye jina hataki, yuko msichana mwingine pale mjini, mfupi kuliko mimi, anangojea tu gauni. Kisha akanitazama. Fidea naye akanitazama, na Hamisi. Nikasema, "Ni jina tu."

Basi tukapelekwa Mtwara kwa rafiki yake mwenye mashine za kurekodia. Wimbo uliitwa Nibebe. Ulianza kwa sauti nzito ya mwanamume akiita "Kadogooo!" halafu mimi kwa sauti nyembamba ya kubana pua nikiomba nibebwe kwa kuwa miguu imechoka. Miguu iliyokuwa ikipanda na dumu la maji kichwani kutoka bondeni bila kupumzika! Lakini nakuambia kweli, mwanangu, maana sitaki nasaha zangu ziwe za uongo: ilikuwa tamu. Kaseti ile ilipotoka ilienea kuliko moto wa kiangazi. Ilipigwa kwenye mabasi, kwenye vilabu vya uraka, ile pombe ya mabibo, kwenye maghala ya korosho wakati wa kupima. Nikiwa njiani naenda mtoni nilisikia mtu nisiyemjua, juu ya baiskeli, akiimba sauti yangu. Sauti yangu, mdomoni mwa mtu mwingine, inapita! Moyo uliruka ukataka kupanda ile baiskeli. Anayekwambia umaarufu hauna raha hajawahi kuonja, au ameonja akanyang'anywa.

Msimu wa korosho ulipofika Bwana Deo akatangaza onyesho kubwa uwanja wa mpira wa Newala. Alitafuta jenereta, akajenga jukwaa la mbao, akatualika tupande naye siku mbili kabla ili watu watuone. Hapo ndipo gari la matangazo lilipopita na mimi nikiwa nyuma, spika zikiita Kadogo, Kadogo, njooni mumwone Kadogo, na watoto kwenye vumbi letu. Sikuona, kwa furaha, kwamba wale wazee waliokaa vibarazani walikuwa wakitazama chini.

Jioni nikaenda kumsalimia bibi. Nilimkuta uani anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Nikapiga magoti, nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza hali ya mjomba, hali ya mihogo, hali ya mvua za Masasi. Bibi Somoe hakuwa mtu wa kurukia jambo. Kwa kawaida alinitania akiniita mke mwenzake, akilalamika kwamba namnyang'anya mume aliyekwisha kufa. Siku hiyo hakunitania.

Mwishoni akasema, "Leo asubuhi kuna gari limepita hapa linamwita mtoto. Nikatoka kumtazama mtoto huyo. Nikaona mtu mzima amevaa soksi."

Nikajaribu kumweleza. Kwamba ni kazi, ni jina tu, kwamba nikikataa yupo mwingine. Nilijua kuongea sana wakati ule, nilikuwa nimefundishwa na fundi. Akanisikiliza hadi nikamaliza, akabangua nyingine, akaipuliza.

"Sikukatazi kucheza, mjukuu wangu. Ni nani aliyekufundisha kukata kiuno kama si mimi? Lakini nguo ya kuazima haistiri matako, na hii hukuazima hata kwa mtu. Umeifukua. Yule dada yangu hakuzaa. Hana mtoto wa kumtaja, hana nyumba yenye jina lake. Akiamka duniani ni pale mtu anapokuita wewe nawe ukaitika. Sasa umeitika kwingine. Yeye aitikiwe na nani?"

Akanipa korosho za kutafuna njiani, akaniambia atakuja kunitazama. Nikiwa nimefika njiani nilimsikia akimwita jirani yake amwazime kitu fulani, sikukisikia vizuri ni nini.

Siku ya onyesho uwanja ulijaa tangu mchana. Walikuja kutoka vijiji vyote vya uwandani, na wengine walipanda kutoka Masasi juu ya magunia. Akina mama walikuwa na khanga, watoto mabegani, vijana juu ya uzio. Sisi tulikuwa nyuma ya pazia la turubai. Tuliambiwa tusiimbe, kaseti itaimba, sisi tufungue midomo tu kwa wakati wake. Fidea alichungulia kwenye tundu la turubai, kisha akanivuta mkono. "Tazama mstari wa mbele," akasema.

Mstari wa mbele kabisa, kwenye kiti alichopewa na vijana kwa heshima ya mvi zake, alikuwa ameketi Bibi Somoe. Mapajani mwake alikuwa ameweka tenga la kuku. Tenga kubwa, la mlango wa kamba, tupu, na mlango ukiwa wazi.

Hakusema neno na mtu yeyote. Hakukuwa na haja. Nakuapia nililiona neno lile likitembea uwanjani bila mdomo: mtu akitazama tenga, akimtazama bibi, akikumbuka mjukuu wake ni nani, kisha akimgusa jirani kwa kiwiko. Mstari wa kwanza, wa pili, wa kumi. Kicheko kidogo huku, mtu akiguna kule. Bibi wa watu amekuja kuchukua kuku wake. Nani atakayekuwa wa kwanza kudaiwa?

Bwana Deo hakujua lolote. Alibonyeza redio. Sauti nzito ikavuma Newala nzima: "Kadogooo!" Hapo kwenye kaseti palikuwa pameachwa nafasi ili uwanja uitikie kwa kelele. Tulipocheza Masasi waliitikia. Mtwara waliitikia. Newala, mwanangu, umati ule wote ulinyamaza. Nilisikia jenereta. Nilisikia mtoto akitaka kuita, na mama yake akimziba mdomo.

Bwana Deo akadhani spika zimeharibika. Akarudisha kaseti nyuma, akabonyeza tena. "Kadogooo!" Kimya. Akazima redio, akaja mbio nyuma ya turubai, jasho likimchuruzika, akaniambia nitoke, nitabasamu, niruke, nifanye chochote. Na nikiharibu, akasema, yule mwingine atapanda kesho.

Nilitoka. Jukwaa lilikuwa refu kuliko barabara ya kwenda Masasi. Bibi alinitazama kama alivyonitazama siku ile ya unyago, wakati wa kutoka ndani, macho ya kungoja tu. Nikavua utepe. Sikupanga kuuvua, mkono wenyewe ulipanda. Nikashika kipaza sauti ambacho hata hakikutakiwa kuwa na kazi, nikakikuta kinafanya kazi. Nikasema, "Shikamooni. Mimi ni Mwajuma, mjukuu wa Bibi Somoe wa hapa hapa."

Nilidhani nimesikia radi. Vigelegele vilianzia kwa akina mama wa mbele vikapaa hadi kwa vijana wa uzioni, na vikarudi kama jina: Mwajuma, Mwajuma! Fidea akatoka mbio upande wa kushoto, macho juu, mpole wa nani tena. Hamisi akaruka chini akanyang'anya dumu la mtu, akarudi nalo, akaligeuza ngoma, na nakuambia mtoto wa madrasa alilipiga lile dumu kama vile vidole vyake vilikuwa vikingojea miaka yote. Nikaimba Nibebe bila kaseti, kwa sauti yangu ya kifuani, na kiuno nikakikata kama nilivyofundishwa uani kwa bibi. Mcheza kwao hutuzwa. Akina mama walipanda jukwaani kunifunga khanga kiunoni, moja juu ya nyingine, hadi lile gauni la marinda halikuonekana. Bibi Somoe alikuwa amesimama juu ya kiti, tenga kichwani, akicheza.

Sasa nikuambie na kilichofuata. Bwana Deo hakuwa mtu mbaya, alilia kwa furaha siku ile alipoona umati. Lakini hesabu zake hazikubadilika. Msimu uliofuata alimvalisha gauni lile msichana mwingine, akamwita Kadogo. Huyo naye alipokua akamtafuta mwingine tena. Kadogo hakukua kamwe, ila wasichana tulikua ndani yake tukatolewa mmoja mmoja. Mimi niliimba kwa jina langu kwenye harusi na ngoma za msimu, nikalisha wanangu kwa korosho na kwa koo, na sijawahi kukaa na njaa ya kuitwa.

Na hii sinema? Ayubu, kijana aliyeitengeneza, mama yake ni wa Lupaso. Alikuja kwangu na simu ya kurekodia, akanihoji siku nzima kwa adabu. Nimeipenda, sitaki uongo. Ameturudishia kaseti, mabasi yale ya zamani, suruali pana. Bwana Deo amempa sura nzuri kuliko aliyopewa na Mungu. Lakini lile tukio la Newala amelibadilisha. Kwake spika inaita Kadogo na uwanja mzima unaitikia Kadogo. Nadhani aliona kimya hakipendezi kwenye sinema.

Ulikuwepo, uliona kilichotokea ukumbini. Labda hukukielewa. Uwanja wa kwenye pazia la sinema ulipoitikia Kadogo, watu wazima tuliokuwamo mle tulinyamaza wote. Halafu kule nyuma akasimama bibi mmoja mnene, akaja katikati hadi akaziba mwanga, na juu ya kichwa chake kivuli cha tenga kikajaa pazia zima. Alikuwa Fidea. Alilinunua asubuhi sokoni kwa kazi hiyo hiyo. Akaita, "Mwajuma!" na wazee wakaitika, na ninyi vijana mkaitika kwa kuwa mliona wazee wanacheka. Mimi nililia hadi nikaomba kitambaa kwa mtu nisiyemjua.

Na jana asubuhi nikasikia hodi. Ayubu amesimama mlangoni, bodaboda yake inanguruma nje, na mkononi ameshika kuku mweupe, kichwa chini. Akasema mama yake amemwambia asirudi mjini kabla hajafika kwangu. Fidea alikuwa bado yuko hapa nyumbani, hajaondoka tangu Jumamosi, tunacheka tu. Tukamtia kuku ndani ya tenga. Nikamwambia marehemu Bibi Somoe kwa sauti, "Bibi, kuku wako amefika."

Kwa hiyo jibu la swali lako, mwanangu, ni hili. Nenda. Nyota njema huonekana asubuhi, na yako nimeiona. Waache wakushonee nguo, wakufundishe kusimama, wakupake rangi. Kazi ina sare zake. Wakikupa tabia isiyo yako, icheze jukwaani na uivue mlangoni. Lakini kabla hujatia sahihi, jiulize kitu kimoja: hiki wanachokitaka kwangu, nitakapokua kitakwenda na mimi, au kitabaki kwao kikimngojea mwingine? Kile kitakachobaki kwao wauzie kwa bei yoyote. Kile ulichopewa na waliokuzaa na waliolala, usikisemee kwamba ni jina tu. Na popote utakapoimba, Dar es Salaam au ng'ambo, hakikisha mstari wa mbele kuna angalau mtu mmoja anayekujua tangu zamani, asiyeogopa kuja na tenga tupu.

Nauli ya kuja kukutazama ninayo. Mungu akupe koo lisilokauka na miguu isiyoomba kubebwa. Akukuze hadharani bila kukupunguza. Jina lako liitwe mbali, na wewe uitike ukijua ni wewe. Nenda, mwanangu, nakuombea. Mimi na Fidea tutaketi mbele.